Darasa la Mlangoni

Sandukht alipoolewa, Mwalimu Varsenik hakwenda harusini. Alikaa chumbani kwake akisikiliza zumari na ngoma zikishuka kwenye mitaa ya Goris, akatia uzi kwenye sindano, akauchomoa, akautia tena, mpaka ngoma zikanyamaza. Kesho yake watu walimsema. Walisema ana wivu, kwamba mwanamke aliyefika umri ule bila mume hawezi kuvumilia kuona taji la harusi likiwekwa kichwani mwa mwenziwe. Varsenik aliwaacha waseme. Wivu hakuwa nao. Alikuwa na hasira, maana baba yake Sandukht alikuwa amemwahidi, mbele ya padri, kwamba binti atamaliza masomo kwanza.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichoegemea ukuta wa kanisa, mahali walipokuwa wakiweka mishumaa na majoho yaliyochakaa. Varsenik alikipata baada ya kurudi kutoka mji mkubwa wa Tiflis alikosomea, na baada ya kukaa mlangoni mwa wazee wa halmashauri majira mazima ya baridi mpaka wakachoka kumwona. Mkubwa wao, Agha Simavon, mwenye duka la vitambaa, alimpa ufunguo kama mtu anayemtupia paka mfupa.

"Haya, chukua," alimwambia. "Wafundishe kushona na kusali. Ukishindwa usije kulia dukani kwangu."

Varsenik aliwafundisha kushona na kusali. Aliwafundisha pia kusoma, kuandika, hesabu na ramani ya dunia, na kwa hayo hakuomba ruhusa ya mtu.

Katika wasichana wote, Sandukht ndiye aliyemchosha Varsenik, na ndiye Varsenik aliyempenda kuliko wote. Alikuwa mwenye maswali. Akiambiwa mto huu unaingia katika bahari ile, atataka kujua maji yakishaingia huko yanakwenda wapi. Sasa binti huyo alikuwa mkamwana katika nyumba ya Fundi Bakhshi, mwashi wa mawe, naye amefungwa kitambaa mdomoni kama desturi inavyotaka. Mke mgeni hasemi mbele ya wakwe zake mpaka mama mkwe mwenyewe amfungulie mdomo. Wapo wanaofunguliwa wakishazaa. Wapo wanaongoja mpaka mvi zinawatoka. Mumewe, Tevan, alikaa naye muda mfupi tu, kisha akaondoka na wenzake kwenda Baku kwenye visima vya mafuta, akamwacha binti na ukimya wake.

Varsenik alivumilia mpaka theluji ilipoanza kuyeyuka. Kisha siku moja akajifunga shali, akaenda kwa Fundi Bakhshi.

Aliwakuta wanawake kwenye nyumba ya tanuri nyuma ya ua, wamekaa kuzunguka tanuri, shimo la moto lililochimbwa sakafuni, wanaoka. Mama Horomsim, mke wa Bakhshi, alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myekundu kwa joto. Alikuwa akiitandaza mikate myembamba kama shuka na kuibandika kwenye ukuta wa tanuri kwa pigo moja. Sandukht alikuwa pembeni akisukuma unga. Alipomwona mwalimu wake alisimama, akainamisha kichwa. Juu ya kitambaa cheupe macho yake yalicheka.

"Karibu, Mwalimu," alisema Mama Horomsim bila kuinuka. "Kama umekuja kumtaka, maneno hayo yaache hapo nje na viatu."

"Nimekuja kumtaka," alisema Varsenik. "Asubuhi tu. Mchana atarudi kukusaidia."

"Huyu ni mke wa mwanangu. Shule yake ni hapa, na mwalimu ni mimi."

"Basi nami nitakaa darasani kwako."

Akavua shali, akakunja mikono ya gauni, akakaa chini. Mama Horomsim alimtazama, kisha akamsukumia donge la unga. Varsenik hakuwa mwokaji. Mkate wake wa kwanza ulitoboka katikati, wa pili uliangukia majivuni, na majirani wawili waliokuja kuoka walijiziba nyuso kwa mitandio wasionekane wanavyocheka.

"Huko Tiflis mlikuwa mnakula nini, vitabu?" aliuliza Mama Horomsim.

"Tulikuwa tunanunua."

"Mungu wangu. Hata mkate."

Sandukht alikuwa akijaribu kumwonyesha mama mkwe wake kitu kwa mkono, na mama mkwe hamwoni. Mwishowe binti aliunyoosha unga kwenye ubao kwa kiganja chake na kuandika kwa kidole.

"Anachora nini huyu?" Mama Horomsim aliuliza.

Varsenik alinyoosha shingo. "Anasema mkate wa upande wako wa kushoto unaungua."

Wote waligeuka. Mkate ulikuwa umeshakuwa mweusi ukingoni, unatoa moshi. Mama Horomsim aliunyofoa na kuutupa, akautazama ubao, akamtazama mkamwana wake kama mtu aliyesikia kiti kinapiga chafya.

Kisha akasafisha koo. "Muulize," alimwambia Varsenik, "supu yangu ya jana ilikuwaje."

"Muulize mwenyewe. Masikio hayakufungwa."

Mama Horomsim akamgeukia binti. "Supu yangu ya jana, ilikuwaje?"

Sandukht alisita. Alifuta unga, akaandika neno moja, akasita tena, akaongeza jingine.

"Nzuri," Varsenik alisoma. "Chumvi nyingi."

Majirani waliacha kucheka. Mama Horomsim aliweka mikono kiunoni, kifua kikaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa mpaka machozi yakachanganyika na unga usoni. "Na kweli," alisema. "Bakhshi alikunywa ndoo nzima ya maji usiku, nami namwambia ni joto la tanuri."

Kuanzia hapo Varsenik alikwenda kila siku ya kuoka. Alikuja na kitabu ndani ya kikapu, chini ya mboga, na Sandukht alisoma kimya huku unga ukiumuka, kisha akaandika majibu ya maswali kwenye ubao. Baada ya muda majirani nao walileta wakamwana zao, wenye vitambaa midomoni, wakisema eti tanuri la Horomsim linaivisha upesi kuliko yao. Mama Horomsim aliwapokea kwa sharti moja, kwamba wanaume wasijue. Yeye mwenyewe alikuwa amepata burudani isiyokwisha. Aliuliza mambo ambayo mama wakwe hawaulizi. Tevan alikuwa akimsema nini mama yake kabla hajasafiri? Na Sandukht alilia harusini kwa sababu gani? Binti akaandika, Varsenik akasoma, na mara nyingine Mama Horomsim alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Lakini nyumba ya tanuri ina tundu darini la kutolea moshi, na maneno nayo hutokea hapo hapo.

Agha Simavon alimwita Varsenik dukani. Padri Ghevond alikuwepo, amekaa kwenye marobota ya vitambaa, mikono ndani ya joho, anatazama viatu vyake.

"Nimesikia umefungua tawi," alisema Simavon. "Kwenye majivu."

"Ndiyo, Agha. Wanafunzi wake wana bidii kuliko wa kanisani."

"Usinifanyie mzaha, binti wa mshona matandiko. Baba yako alikaa hapo ulipo, kofia mkononi, na alijua kushukuru. Mke mgeni ananyamaza ili nyumba itulie. Wewe umempa mdomo mwingine, umemtia kwenye vidole. Kesho wataandika nini? Majina ya watu?"

"Wakitendewa mabaya, huenda."

Padri Ghevond alikohoa. Simavon aliegemea meza yake. "Sikiliza. Utaacha kwenda kwenye matanuri ya watu. Na mtihani wa hadhara mwisho wa mwaka, wasichana wataonyesha mishono yao na wataimba sala. Basi. Hakuna mambo ya kusoma magazeti mbele ya wanaume."

"Na nikikataa?"

"Chumba ni cha kanisa."

"Nami nakataa," alisema Varsenik, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata alikuta kufuli kubwa mlangoni na wasichana wamesimama nje na mifuko yao, mdogo kabisa analia. Varsenik aliligusa kufuli kama mtu anayepima uzito wa nyanya sokoni. Kisha akatoa chaki mfukoni. Mlango ulikuwa wa mbao nyeusi za kale, mpana, laini. Akaandika hesabu ya siku hiyo juu yake, kubwa, ya kuonekana hata na mtu aliye upande wa pili wa barabara.

"Kaeni kwenye mawe," alisema. "Jua lenyewe ni zuri. Nani atakuja hapa kujibu?"

Walisoma hivyo siku nyingi. Watu walisimama kuwatazama. Vijana waliwapigia miluzi, na muuza maziwa alisimamisha punda wake pale kila asubuhi akijifanya anafunga mizigo upya. Kila jioni mtumishi wa Simavon aliufuta mlango kwa maji, na kila asubuhi Varsenik aliukuta safi, akamshukuru kwa sauti, akaandika tena. Lakini mama wengine waliwavuta mabinti zao wakawarudisha nyumbani, na mawe yakaanza kubaki matupu.

Kaka yake Varsenik, Arshak, alikuja kumtafuta mchana mmoja wasichana walipokwisha kutawanyika.

"Mke wangu anashindwa kwenda kisimani," alisema. "Wanamuuliza wifi yake kaanza lini kufundisha punda."

"Mwambie awajibu kuwa punda yule anasikiliza vizuri."

"Varsenik, mimi sicheki. Unanitia aibu. Acha, au usije kwangu."

Alimtazama kaka yake, akamwona alivyokonda usoni, akamwonea huruma. "Basi sitakuja," alisema.

Siku hiyo hiyo Fundi Bakhshi aliambiwa yanayotendeka kwenye tanuri lake. Aliambiwa na Agha Simavon mwenyewe, juu ya jukwaa la ujenzi, maana Bakhshi ndiye aliyekuwa akimjengea Simavon nyumba mpya ya ghorofa. Alirudi nyumbani na nyundo bado mkononi. Hakumpiga mtu, ila alisema kwamba mwalimu asikanyage pale tena, na mkamwana asitoke uani hata kwenda kwa mama yake, isipokuwa kanisani Jumapili.

Varsenik alipofika na kikapu chake, Mama Horomsim alitoka kumkuta langoni na kusimama katikati, mkono mmoja huku, mwingine huku.

"Nenda, Mwalimu."

"Nataka kumwona tu."

"Amelia mpaka macho yamevimba. Unataka kuona hilo?" Sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa imechoka. "Wewe ni jasiri, sikatai. Lakini wewe wakikufukuza utapanda gari la farasi urudi Tiflis kwa wenzio. Yeye atakwenda wapi?"

Varsenik alirudi na kikapu chake njia ndefu, ya kando ya mto, ambako miamba ya Goris imesimama kama watu waliojifunika shuka, na ubishi wote ukamtoka. Alikuwa na nafasi ya kazi Tiflis, katika shule ya wasichana ambayo mwalimu wake wa zamani alikuwa amemwitia. Angeweza kuondoka wiki ile ile. Alikaa juu ya jiwe akijiuliza kama ameipigania elimu ya Sandukht au amepigana tu na Simavon, akamtumia binti wa watu kama fimbo. Aliona kwamba yote mawili ni kweli. Lakini aliona pia kwamba akiondoka, Sandukht hatafunguliwa mlango kwa sababu hiyo. Atafungiwa vizuri zaidi, na Goris nzima itapewa mfano wa kuwaonyesha mabinti. Akainuka, akapangusa gauni.

Jumapili iliyopangwa kwa mtihani, halmashauri ilitangaza kanisani kwamba mwaka huu hakuna mtihani. Ibada ilipokwisha watu walitoka na kumkuta Varsenik mbele ya mlango uliofungwa, amevaa gauni lake zuri, na wasichana waliobaki wamejipanga kwenye mawe kwa kimo.

"Mtihani upo," alisema. "Anayetaka kutazama asimame, asiyetaka njia ni pana."

Wengi walisimama. Mdogo alihesabu, mwingine akataja mito, mwingine akaandika mlangoni sentensi bila kosa. Watu walianza kunong'onezana kwa namna ambayo Agha Simavon hakuipenda. Akapenya mbele, kofia ya manyoya kichwani, akatoa gazeti lililokunjwa kwenye koti lake.

"Kukariri hata kasuku anakariri," alisema, akiwageukia watu. "Hili limefika jana kutoka Tiflis, hakuna aliyeliona hapa. Nani atalisoma?"

Alimsogezea msichana aliyekuwa karibu. Huyo alikuwa na miaka tisa. Aliliona gazeti, maandishi yake madogo kama wadudu, akaona ndevu za Simavon juu yake, akafungua mdomo na sauti haikutoka. Mwenzake wa pili alisoma maneno matatu, akakwama, akaanza kulia. Kicheko kikapita upande wa wanaume.

"Wamechoka," alisema Simavon kwa upole. "Warudisheni nyumbani, maskini."

Varsenik alijua hao ni watoto, kwamba wakubwa wote walikuwa wameshavutwa wakarudishwa jikoni, na kwamba Simavon naye analijua hilo. Alifungua mdomo kusema hivyo. Kabla hajasema, watu upande wa wanawake walisogea, akatoka Sandukht.

Alikuwa na kitambaa chake mdomoni. Alitembea mpaka mbele ya Simavon, akanyoosha mkono apewe gazeti. Simavon alilirudisha kifuani.

"Mkamwana hasemi," alisema, na safari hii alicheka kweli. "Atalisomaje? Kwa pua? Bakhshi, mwite mtu wako."

Fundi Bakhshi alikuwa amegeuka mwekundu mpaka masikioni. Akapiga hatua. Lakini mkewe alimpita. Mama Horomsim alikwenda polepole kwa sababu ya magoti yake, akamfikia Sandukht, akamshika bega na kumgeuza.

"Mimi mama mkwe wangu hakunifungulia," alisema. Alikuwa akimwambia binti, lakini watu wote walisikia. "Nilimpikia, nilimwogesha, nilimfumba macho alipokufa. Hatukuwahi kusemezana hata neno. Sijui mpaka leo alinionaje." Vidole vyake vinene vilikuwa vinahangaika na fundo kisogoni mwa Sandukht. "Kunyamazisha mkamwana ni haki ya mama mkwe, na kumfungulia ni haki yake. Sivyo, Padri?"

Padri Ghevond alitazama kushoto na kulia. "Ndivyo desturi ilivyo," alisema.

"Bakhshi, una neno?"

Mwashi alimtazama mwajiri wake, akamtazama mkewe. "Mdomo wake ni wako," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mimi sina neno."

Fundo likaachia. Kitambaa kilianguka, na Goris ikauona tena uso wa Sandukht, umepauka sehemu iliyokuwa imefunikwa. "Haya, mwanangu," alisema Mama Horomsim. "Sema."

Sandukht alimnyooshea Simavon mkono mara ya pili. Watu wote walikuwa wakitazama mkono ule. Simavon akampa gazeti.

Sauti ya kwanza iliyomtoka ilikuwa ya kukwaruza, kama bawaba ya mlango uliokaa bila kufunguliwa. Akakohoa, akaanza upya. Hakukuwa na lolote la maana kwenye ukurasa ule. Bei ya hariri imeshuka, daraja limechukuliwa na mafuriko, kampuni fulani inatangaza cherehani. Alisoma habari ya hariri, akasoma ya daraja, na kila mstari sauti yake ilizidi kunyooka. Varsenik alisimama ameshika chaki mpaka ikamvunjikia mkononi.

"Inatosha," alisema Simavon.

Sandukht aliinua macho. "Bado kuna cherehani, Agha," alisema, akaendelea kusoma mpaka chini.

Simavon hakulifungua lile kufuli, wala hakuna aliyetarajia. Alimwachisha Bakhshi kazi, nyumba ya ghorofa ikamaliziwa na mwashi wa kutoka Shushi, na Bakhshi akamnunia mkewe mpaka mavuno. Akitaka chumvi alimwambia paka. Baadaye kiu ya kuongea ilimshinda, akaanza kumuuliza mkamwana habari za bei ya mawe huko Tiflis. Arshak hakumsamehe dada yake, na Varsenik alisherehekea Pasaka nyingi mezani kwa watu baki.

Shule ilihamia nyumba ya tanuri. Siku zisizo za kuoka, shimo lilifunikwa kwa ubao, wasichana wakakaa kulizunguka na miguu yao juu ya joto lililosalia. Moshi wa makaa uliwachoma macho. Walipungua kwanza, kisha wakaongezeka, na walipokuwa wengi mno kwa mwalimu mmoja, Sandukht aliwachukua wadogo upande wa mlangoni. Alikuwa mkali kuliko Varsenik. Tevan aliporudi kutoka Baku, alisimama mlangoni amebeba mzigo wake, akamsikia mkewe anamkaripia mtoto kwa kuandika herufi kichwa chini.

"Nani kamruhusu huyu kusema?" aliuliza.

"Mimi," alijibu mama yake. "Vua viatu. Unaingiza matope darasani."

Mwaka wa pili Padri Ghevond alikuja, mikono ndani ya joho kama kawaida. Alisema halmashauri imeketi. Wako tayari kumrudishia Mwalimu chumba cha kanisani, chenye madirisha na jiko la kuni, mradi kiwe cha kushona na kusali.

"Na kusoma?" aliuliza Varsenik.

"Kidogo. Bila kelele."

Varsenik alitazama wanafunzi wake waliojibana ukutani, machozi ya moshi yakiwatiririka. Alilitamani lile jiko la kuni, na hakuona haya kulitamani.

"Mwambie Agha Simavon aweke humo mishumaa yake," alisema. "Sisi huku tuna kelele nyingi."

Akamsindikiza padri mpaka langoni, akarudi ndani, akawaambia wasichana wafungue ukurasa waliokuwa wameuacha, na wasome kwa sauti, wote pamoja.